Mkono Nyuma ya Kiuno

Mashua waliichagua watu wawili, majira ya majani kuanguka, ikiwa imekwisha kupandishwa nchi kavu na kufunikwa nailoni nyeupe kama zilivyofunikwa zote pale kwenye uwanja wa mashua. Carroll Veinot aliingia chini ya nailoni na tochi, akakaa humo mpaka mkewe Glenda, aliyebaki nje, akaanza kupigapiga miguu chini kwa baridi. Alipotoka alikuwa na vumbi magotini na uso wa mtu aliyekwisha kuamua.

"Ina vyumba vitatu vya kulala," alisema.

"Tutalala vyote?"

"Kirk akija na wajukuu wetu."

"Kirk hajaja tangu tumzike mama yako."

"Akisikia ina choo cha maana, atakuja."

Wakatoa arbuni kwa Wade Knickle, dalali wa mashua pale Mahone Bay, mji wao wa pwani, wakaandikiana kama ilivyo kawaida ya kule: mnunuzi asubiri barafu iishe na mashua ishushwe majini, aiendeshe, ndipo aseme ndiyo au hapana. Akisema hapana anarudishiwa chake, wala hakuna wa kumnunia. Mashua yao ya zamani, nyembamba, iliyokuwa na usukani wa mkono wa mbao, waliiuza kwa mwalimu mmoja wa Chester. Siku ya kuchukuliwa, Carroll alijifanya ana kazi darini.

Mwezi wa Februari moyo wa Carroll ulisimama akiwa anazoa theluji mlangoni. Glenda alikuwa jikoni, akisikia koleo likikwaruza sakafu ya nje. Kisha hakulisikia tena. Alidhani amemaliza, akaweka birika motoni.

Hilo ndilo lililokuwa likimrudia. Si hospitali wala kanisa. Lilikuwa lile koleo, na jinsi yeye alivyotulia kabisa, akitafuta majani ya chai.

Mei, Wade alipiga simu. Alizungumza polepole, kama mtu anayetembea juu ya barafu asiyoiamini.

"Bi Glenda, mashua yenu, Petrel, iko majini. Mkaguzi amekwisha kuigongagonga yote, hana neno nayo. Limebaki lile jaribio tu. Lakini kama hutaki kabisa, niambie, nami nitawaambia wenyewe. Hakuna atakayekulaumu."

"Nitakuja," alisema Glenda.

Moyoni alikuwa amekwisha kusema hapana. Alikwenda kwa sababu Carroll aliingoja siku ile majira yote ya baridi, na yeye hakutaka kuikataa mashua kwenye simu, kama mtu anavyowafukuza wauza mazulia. Angekwenda, angekaa ndani yake, angerudi gatini na kumwambia Wade ana kwa ana. Ilikuwa heshima ya mwisho, kama kugawa nguo za marehemu zikiwa zimepigwa pasi.

Mwanawe Kirk, aliyekuwa akifanya kazi Alberta, huko mbali kwenye visima vya mafuta, alimwambia vivyo hivyo kwa njia yake.

"Mama, chombo kile ni kikubwa kuliko nyumba yangu. Utakiegesha na nani?"

Glenda alikuwa amekwenda majini na Carroll tangu wakiwa wachumba, akijua kila kamba ilipo hata macho yakiwa yamefumbwa, lakini hata mara moja hakuwahi kukileta chombo gatini wala kwenye boya la kukifungia akiwa yeye ndiye mwenye usukani. Usukani ulikuwa wa Carroll. Yeye mahali pake palikuwa omoni, mbele kabisa, na upondo wenye ndoano mkononi. Karibu mashua zote za ghuba ile zilikwenda hivyo, mume nyuma na mke mbele, na hakuna aliyekaa akajiuliza kwa nini.

Kushika boya kuna aibu yake. Jioni watu hukaa kwenye mashua zao na bilauri mkononi, wakiwatazama wengine wanavyoingia. Ndiyo sinema yao. Mume akimfokea mkewe, au mke akimjibu mumewe kwa yale anayoyafikiria siku zote, sauti hupita juu ya maji hadi ng'ambo, na kesho yake hata muuza samaki anayo habari. Glenda na Carroll waliwahi kuwa sinema hiyo, kiangazi chao cha kwanza. Glenda alitupa upondo baharini kwa hasira, Carroll akalazimika kuzunguka kuufuata, na watu wakapiga makofi.

Baada ya hapo wakatunga ishara zao. Mashua nyingine nazo zilikuwa na ishara. Mke huinua mkono juu ya kichwa, mume akauona. Lakini Glenda alikuwa mfupi, na ili aufikie mkia wa boya, ile kamba yake inayoelea, ilimbidi ainame sana, mkono wa kulia ukiwa na upondo. Basi mkono wa kushoto akauweka nyuma ya kiuno. Vidole vikifunguka: achia injini, tuteleze. Ngumi: rudi nyuma. Kidole gumba kikielekea upande, basi upande huo. Hakuhitaji kugeuka kutazama kama Carroll ameona. Katika miaka yote ile hakugeuka.

*

Wenye Petrel walikuwa Innis Publicover na mkewe Maxine, wazee wawili wenye makoti ya bluu ya kufanana. Walikuwa wakiuza kwa sababu ya magoti ya Maxine na, kama alivyosema mwenyewe, kwa sababu ya masikio ya Innis.

"Hasikii, mdogo wangu," alimwambia Glenda walipokuwa wakimpandisha. "Nimepiga kelele katika mashua hii mpaka ndege wamehama."

"Nasikia ninachotaka," alisema Innis.

"Umeona?"

Mashua ilikuwa pana nyuma, na ukuta wake wa mwisho ulishushwa ukawa kama baraza juu ya maji. Ilikuwa na sukani mbili, gurudumu moja kila upande. Glenda alizitazama. Carroll alikuwa amezicheka kule chini ya nailoni; aliuliza ni gari gani lenye sukani mbili.

"Moja ni la yeye kuendesha," alieleza Maxine. "Jingine ni la mimi kumwonyesha anavyokosea."

Wade alicheka kwa sauti kubwa kidogo kuliko kichekesho chenyewe. Alikuwa mtu mwema, na siku ile wema wake ulimtoa jasho.

Walitoka kwa upepo mzuri, wakakipita kisiwa cha Westhaver na mnara wake mdogo wa taa. Glenda alivuta tanga la mbele bila kuambiwa, akafunga kamba pale inapofungwa. Mikono ilijua kazi. Yeye mwenyewe alikuwa mahali pengine, akijitazama kwa mbali, mwanamke mwenye kofia ya sufu kati ya watu wanaomwonea huruma. Wade alimpeleka ndani akamwonyesha jiko linalobembea, friji, meza inayoshuka ikawa kitanda. Akafungua milango ya vyumba, kimoja, cha pili, cha tatu. Kila kitanda kilikuwa kimetandikwa. Maxine alikuwa ametandika yeye, hata mito.

"Kizuri," alisema Glenda mbele ya kila mlango.

Maxine alitoa mikate iliyotiwa soseji za Lunenburg na kachumbari ya kabichi, wakala wakiwa wamekaa upande ulioinuka. Hakuna aliyemtaja Carroll. Glenda alitamani mmoja wao amtaje, hata kwa makosa.

Walipokuwa wakirudi, matanga yamekunjwa na injini inanguruma, Innis alimwita kutoka kwenye usukani.

"Mama, utatushikia boya? Nikimpeleka huyu wangu huko mbele, hatarudi kabla ya Krismasi."

Glenda akachukua upondo, akaenda omoni. Akasimama pale mahali pake, goti la kushoto kwenye reli, na kwa mara ya kwanza tangu Februari mwili wake ukatulia. Maji yalikuwa yakija chini yake, ya kijani, na boya likikua. Aliinama. Mkono wa kushoto ukaenda nyuma ya kiuno wenyewe. Kidole gumba kikaelekea kulia, na kwa bahati tu pua ya mashua ikaenda kulia. Boya likafika. Akafungua vidole.

Injini iliendelea kunguruma.

Akafungua vidole tena, kwa nguvu, kama mtu anayekung'uta maji. Ndoano ikanasa mkia wa boya. Akafanya ngumi. Mashua ikazidi kwenda, upondo ukamvuta bega, na akaendelea kukaza ngumi ile nyuma ya kiuno, akingoja, maana haikuwahi kutokea angoje bure. Kisha upondo ukamponyoka, boya likapita ubavuni likigonga, likazama chini ya mashua, na kitu kikakaza huko chini. Petrel ikasimama kwa mtikiso, ikageuka taratibu, ikawa imening'inia kwenye boya kwa upande wa nyuma.

Hapo ndipo Glenda alipogeuka. Kule mbali nyuma ya gurudumu alisimama mzee mwenye koti la bluu, akimtazama kwa mashaka, akiwa amezima injini. Glenda alimkodolea macho kwa muda, kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba isiyo yake.

*

Kamba ilikuwa imenasa kwenye jani la usukani, si kwenye rafadha inayozungushwa na injini, jambo ambalo Innis alisema ni bahati ya walevi. Wade alilala kifudifudi kwenye baraza la nyuma, akauokota upondo uliokuwa ukielea, akaanza kuisukuma kamba chini. Kila wimbi lilimwosha hadi begani.

"Wade," alisema Maxine, "huduma hii imo kwenye bei, au unatupa bure?"

"Bure, Bi Maxine."

"Basi fika na shingoni."

Glenda alikuja akakaa.

"Samahani," alisema.

"Samahani ya nini? Innis amewahi kuliburuta boya la mtu mpaka katikati ya ghuba, na mwenye boya akiwa ameketi ndani ya kimtumbwi kilichofungwa nalo." Maxine alimsogelea. "Lakini niambie, mdogo wangu. Ule mkono wa nyuma ulikuwa ukifanya nini? Nilidhani unajikuna."

Glenda alieleza. Alieleza vidole, ngumi, kidole gumba, na ule upondo aliotupa kiangazi cha kwanza. Alipofika hapo sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo lilimshangaza. Alipomaliza, Innis, ambaye safari hii alikuwa amesikia kila neno, alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Hapana mtu duniani angejua hivyo," alisema.

"Hapana," alisema Glenda.

"Na mimi nilikuwa nangoja uinue mkono. Maana huku, mama, mimi sioni kitu."

"Macho?"

"Macho mazima. Boya likifika karibu linamezwa na pua ya mashua. Mwenye usukani halioni."

"Hata kidogo?"

"Hakuna anayeliona. Kwenye mashua yoyote. Carroll hakukwambia?"

Basi jina likawa limetajwa. Glenda alitikisa kichwa. Carroll hakumwambia. Na yeye siku zote alidhani kule nyuma, palipoinuka, mtu anaona vyote. Kwamba Carroll alijua boya liko wapi, na ishara zake yeye zilikuwa za kumsaidia tu, kama abiria anayemkumbusha dereva kuna shimo.

"Simama hapa," alisema Maxine, akajikongoja kuinuka. "Shika. Innis, toka hapo. Mimi nakwenda mbele."

"Na magoti?"

"Magoti ni yangu."

Wade alikuwa ameinasua kamba, amekaa akikamua mkono wa sweta.

Glenda alishika gurudumu. Lilikuwa baridi na jepesi, lilimtii haraka kuliko alivyotaka. Alizunguka mbali, akalielekea boya. Kule mbele Maxine alikuwa amekaa juu ya sitaha, miguu imenyooka, mgongo wake wa bluu umemgeukia. Boya lilikuwa pale, jeupe, wazi. Likawa dogo chini ya reli. Kisha halikuwapo. Mbele yake palibaki sitaha, mgongo wa mtu, na maji ya mbali yasiyohusika. Mashua ilikuwa ikienda, nzito, na yeye haoni kitu.

Aliinua shingo kulitafuta. Maxine alikuwa ameinua mkono juu, ameufumba, lakini Glenda alikuwa akitafuta boya. Walilipita.

"Usilitafute," Maxine alisema alipogeuka, bila ukali. "Huwezi kuliona. Tazama mkono wangu basi; nikiufumba, achia injini."

Akazunguka tena. Safari hii hakutazama maji. Alitazama mkono wa mwanamke mzee aliyekutana naye asubuhi ile, akaenda kama mkono unavyosema, na ulipofumba akaachia injini ingawa kila kitu mwilini mwake kilimwambia bado. Maxine akainua kamba juu, inatiririka maji.

Glenda alisimama na mikono kwenye gurudumu. Aliona alichokuwa akikiona Carroll. Kila jioni ya kila kiangazi, ghuba hii na nyingine, penye ukungu na penye miamba, hakuwa na kingine ila mgongo wa mkewe na mkono nyuma ya kiuno. Alikuwa akivileta vyombo vyao gizani, mchana kweupe, kwa vidole vya Glenda. Wala hakuwahi kusema. Labda alidhani mkewe anajua. Labda kwake halikuwa jambo la kusemwa.

"Bi Glenda," alisema Wade, "tunaweza kwenda gatini sasa, kama umechoka."

"Nataka kujaribu peke yangu."

Wakatazamana. Innis akaja kwenye gurudumu la pili.

"Peke yako usilifuate kwa pua," alisema. "Lilete hapa ubavuni, uliposimama. Hapa utaliona mpaka mwisho. Achia injini mapema. Mapema kuliko unavyodhani."

Wakakaa wote watatu, mikono mifukoni, kama watu kanisani. Glenda alilikosa kwa mbali. Akalikosa kwa karibu. Mara moja aliligonga. Kwenye mashua ya jirani mume na mke walikuwa wametoka na viti. Mwisho ndoano iligusa pete ya boya, ikateleza, na boya likaenda zake likiinamainama. Hakufanikiwa hata mara moja. Maxine ndiye aliyelishika, akalaani kidogo, na Innis akawapeleka watu gatini kwa kimtumbwi cha mpira.

Wade alibaki na Glenda pale gatini, sweta likichuruzika maji.

"Basi," alisema kwa upole. "Nitawaambia mimi."

"Waambie nanunua."

"Bi Glenda. Una hakika?"

"Sina," alisema. "Lakini nanunua."

Jioni alimpigia Kirk. Akamwambia anainunua mashua.

"Mama, nilikuuliza. Utaiegesha na nani?"

"Nitaligonga boya mpaka lichoke."

"Baba ndiye aliyekuwa akijua mambo hayo."

"Baba yako alikuwa haoni kitu," alisema Glenda, kisha ikambidi aweke simu chini kidogo, mezani, mpaka aweze kuongea tena.

*

Kirk alisema angekuja Julai, kisha Agosti, kisha kukawa na mambo ya kazi. Glenda alitandua vitanda viwili vya Petrel, akaweka matanga juu yake. Cha tatu, kile cha mbele, alikiacha na mito ya Maxine. Yeye mwenyewe alilala kwenye kochi karibu na jiko, palipomtosha mtu mmoja tu.

Siku nyingi hakutoka. Alikuwa akienda kwa kimtumbwi, anachemsha maji, anasugua kisichohitaji kusuguliwa, anarudi. Siku nyingine alitoka na kuzunguka boya mpaka akachoka, akaliacha, akaanza tena. Alilishika mara ya kwanza asubuhi moja ya ukungu, na hapakuwa na mtu wa kumwona. Aliketi na kamba mapajani, imemlowesha mwili wote, akageuka nyuma. Alitazama gurudumu lile jingine, la upande wa pili. Lilikuwa likijisogeza kidogo, huku na huku, kwa mawimbi.

Mwisho wa Agosti, Jumamosi, ghuba ilijaa. Glenda alikuwa akirudi kutoka upande wa Westhaver na jua limeinama. Kwenye kila mashua walikaa watu na bilauri zao, na walipomwona ni mwanamke peke yake ndani ya chombo kipana kiasi kile, akija kwenye boya, viti viligeuzwa. Mtu mmoja alimnong'oneza mwenzake. Mwingine alisimama kabisa ili aone vizuri.

Hakuwatazama. Alisimama upande wa kulia wa nyuma, upondo umeegemea reli karibu naye. Boya lilikuja taratibu, jeupe, ubavuni. Mapema, alisema Innis. Mapema kuliko unavyodhani.

Mkono wa kushoto ulimtoka kwenye gurudumu, ukaenda nyuma ya kiuno. Vidole vikafunguka.

Aliusikia mkono ule ukiwa huko, umefunguka, na upepo ukipita katikati ya vidole. Nyuma yake palikuwa na lile baraza la maji tu. Kisha mkono wa kulia ukashika wenzo wa injini, ukauvuta. Mngurumo ukaisha. Petrel ikateleza kimya, na yeye akainama na ndoano, akanasa, akavuta, akaipitisha kamba na kuifunga pale inapofungwa.

Ghuba yote ilikuwa imenyamaza, ikisubiri. Hapakuwa na mtu wa kumfokea, wala wa kumjibu. Baada ya kitambo watu wa mashua za jirani walivigeuza viti vyao, wakarudi kwenye vinywaji, maana hapakuwa na la kusikiliza.